Alama ya Mpira kwenye Mkono wa Trekta

Kalemie, jioni ya kuamkia safari yako

Feza mwanangu,

Umekwenda kuaga wenzako wa kwaya na nyumba imetulia. Ninaandika sasa, kabla hujarudi, kwa sababu nikikwambia mambo haya kwa mdomo tutagombana. Mimi nitaanza kwa upole, wewe utasema, "Mama, umeanza tena," na kabla hatujafika mbali tutakuwa tunapigiana kelele. Isome kesho ukiwa kwenye lori, mahali ambapo huna mlango wa kubamiza.

Sitaandika juu ya chandarua wala maji ya kuchemsha. Uliyoyakataa hapa nyumbani hutayakubali kwa ajili ya karatasi. Nataka kuandika juu ya ekseli ya mbele ya lile trekta mnalokwenda nalo Kiambi, na juu ya watu wa shamba la huko waliokuomba uende nalo kama fundi. Kwangu mimi hayo ni jambo moja. Ukimaliza kusoma utaona kwa nini.

Umesema mara nyingi kwamba mimi namshuku hata mbuzi akipita na kamba mdomoni. Ni kweli. Nilikuzaa nikiwa bado ninavaa sare ya shule, na tangu siku hiyo kila aliyekuja kwangu na maneno matamu nilimwangalia mikono kwanza. Bibi yako aliposema atakulea ili nikasome ufundi Lubumbashi, nilikaa wiki nzima nikijiuliza anataka nini. Hakutaka kitu. Alitaka nisome. Baba yako, aliyekuwa akivuka ziwa kwenda na kurudi Kigoma kwa biashara zake, alinipa jina la polisi wa mpaka. Boti ikifika, mimi nipo bandarini, nakagua mabegi kwa macho. Siku moja nilimwambia afungue simu yake mbele yangu. Akafungua. Ilikuwa imejaa bei za dagaa. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaacha kucheka ghafla, na nadhani safari zake zilianza kurefuka siku ile. Kama alikuwa na nyumba nyingine ng'ambo, mpaka leo sijui. Nilishuku miaka yote ile na sikupata hata jibu.

Lakini kwenye gereji tabia hiyo hiyo ndiyo iliyokulisha na kukusomesha. Mteja akisema, "Upande huu ni mzima, usiuguse," mimi naanza na upande huo. Trekta halisemi uongo, ila linaletwa na watu.

Unalikumbuka lile trekta la bluu la shamba la njia ya Nyunzu? Ulikuwa mdogo, lakini ulikuwepo. Lilikuwa likivuja mafuta kwenye gurudumu la mbele la kushoto. Nikabadilisha spi, ile pete ya mpira inayozuia mafuta yasitoke. Likaondoka kavu, likarudi limelowa. Nikabadilisha tena. Likarudi tena. Mtu mwingine angelishuku trekta. Mimi nilimshuku Papa Rashidi, kwa sababu spi zilitoka dukani kwake, na kwa sababu ukoo wao wamekuwa wafanyabiashara wa ziwa tangu babu wa babu zao, na mimi mtu anayejua kuuza namwogopa. Nilikushika mkono, nikaenda na zile spi zilizochanika, nikazimwaga juu ya meza yake mbele ya wateja.

"Papa Rashidi, hizi unatoa wapi?"

"Kwenye karatasi yake, Mama Feza. Karatasi si uliiona?"

"Karatasi hata miye naweza kuchapisha."

"Basi chapisha, uanze kuuza. Miye nitapata nafasi ya kulala mchana."

Watu wakacheka. Damu ikanipanda kichwani. Nikamwambia anatuuzia vifuniko vya chupa.

"Mama Feza," akasema, bila kuinua sauti hata kidogo, "spi zangu ziko Kalemie yote, zinakaa kimya. Zinalia kwako tu. Labda zinakuogopa."

Ulikuwa nyuma yangu ukivuta kitenge changu, unanong'ona, "Mama, twende, mama, twende." Tulikwenda. Nilipolipandisha lile trekta kwenye jeki mara ya mwisho nilikuwa na hasira, nikalishika gurudumu juu na chini nikalitikisa, si kwa kulipima, bali kama mtu anayetaka kuling'oa alitupe ziwani. Likacheza. Gurudumu zima lilikuwa linacheza kwenye beringi zake, pale linapogeukia kulia na kushoto. Beringi zilikuwa zimelika, na kila trekta lilipopita kwenye shimo, gurudumu liliyumba na kuitafuna spi kutoka ndani. Ningeweza kufunga spi mpya kila Jumatatu mpaka uzeeni.

Sikurudi kwa Papa Rashidi. Nilianza kukutuma wewe, na yeye akawa anakupa pipi kila ukinunua kitu, na mimi nikawa nazishuku hizo pipi. Sikuelezi haya ili umwone Papa Rashidi kuwa mtu mwema. Huenda si mwema. Nakueleza kwa sababu nilikuwa nimeuelekeza wasiwasi wangu mahali mafuta yalipotokea, wakati ugonjwa ulikuwa mahali yalipofukuzwa. Tangu hapo, kila mtu akinionyesha mwizi, najiuliza kwanza nani anamwonyesha.

Na ndivyo nilivyofanya kwa watu wa Kiambi.

Papa Ilunga, yule msimamizi wa shamba, alipokuja hapa mara ya kwanza kupanga habari ya matengenezo, ulikuwa ukiosha filta kwenye ndoo. Alikaa kwenye kiti chetu kizuri, akaniambia ekseli ya mbele imekufa kwa sababu fundi wao, kijana anayeitwa Banza, alikuwa anaiba mafuta ya ndani yake na kuwauzia wenye pikipiki. Meno yakakauka, yakaungua. Wamemfukuza, na Kiambi nzima inamjua sasa kuwa ni mwizi. Kisha akageuza kichwa, akakuangalia.

"Huyu mutoto amemaliza shule?"

"Amemaliza."

"Ufundi?"

"Ufundi."

"Sisi tunamutaka. Tutamupa chumba, atakula kwa mama mwenye kuwapikia wafanyakazi."

Nikamwambia kuna mafundi wazima hapa mjini, watu wenye familia na uzoefu, naweza kumpa majina.

"Hapana, Mama. Wale wakubwa wana maneno mingi. Tunataka mutoto mwenye akili mupya."

Wewe ulisikia akili mpya, na uso wako ukang'aa mpaka nikaona aibu kuuzima. Mimi nilisikia maneno mingi.

Usiku ule wote, na siku zilizofuata, nilikuwa kimya, ukadhani nimenuna kwa sababu unaondoka. Nilikuwa nangoja lori. Lilipofika na trekta mgongoni, na tulipoifungua ile ekseli pamoja, uliniambia, "Mama, meno yamekatika, basi ni kweli mafuta yalipungua." Sikukujibu. Nataka nikujibu sasa, taratibu, kwa sababu huu ndio ufundi wenyewe na hakuna mtu Kiambi atakayekueleza.

Chuma kilichofanya kazi bila mafuta hubadilika rangi. Kinakuwa cha buluu na zambarau kama shingo ya njiwa, na beringi zake zinakwaruzika kama zimesuguliwa mchanga. Nenda nyuma kichwani mwako, ukumbuke yale meno ulipoyafuta kwa kitambaa. Yalikuwa ya buluu? Yalikuwa meupe, mazuri, yamekatika kwenye pembe. Beringi zilikuwa zinazunguka. Meno yale hayakuungua, Feza. Yalibebeshwa mzigo mpaka yakavunjika, tena yakiwa ndani ya mafuta.

Kisha nikaangalia matairi. Papa Ilunga alisema trekta linafanya kazi shambani tu. Tairi la shambani hubaki na vidole vyake vya kukamata udongo, hata likizeeka. Yale ya mbele yalikuwa yamelika kama kandambili za mtu anayetembea lami kila siku, na ya nyuma hayakuwa hivyo. Hapo ndipo nilipoanza kupanda na kushuka kwenye lile trekta kama mtu aliyepoteza hereni. Uliniuliza natafuta nini, nikasema natafuta spana.

Nilikuwa naangalia mkono ule wa chuma kando ya kiti cha dereva, wa kuyaingiza magurudumu ya mbele kwenye kazi. Rangi yake yote ilikuwa na vumbi na mafuta makavu ya siku nyingi, isipokuwa sehemu moja, chini kidogo ya kichwa chake, ambapo kulikuwa na pete ya chuma kilichong'aa. Kitu kilikuwa kimefungwa pale muda mrefu, kikisugua. Nikapitisha ukucha. Ukatoka na uchafu mweusi, laini, unaonuka tairi. Na kwenye mguu wa kiti, upande ule ule, palikuwa na pete nyingine kama hiyo.

Unajua watu wetu wanavyopenda ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu. Unafunga mlango wa gari, unafunga mbuzi juu ya pikipiki, unafunga betri, unafunga kiti cha baba mkwe. Mimi mwenyewe ninao kwenye pampu ya kisima. Lakini mkono ule ukifungwa, magurudumu ya mbele yanavuta saa zote, uwe shambani, uwe barabarani. Na magurudumu ya mbele ya trekta yametengenezwa kutangulia kidogo kuliko ya nyuma. Kwenye tope haidhuru, yanateleza kidogo na kupatana na wenzao. Kwenye barabara ya kiangazi, ngumu kama saruji, hayana pa kuteleza. Mbele yanavuta, nyuma yanakataa, na ugomvi wote unaingia kwenye meno ya ekseli. Dereva hasikii kitu. Tena anafurahi, anaona trekta lake lina nguvu.

Ukanda wenyewe haukuwepo. Hilo ndilo lililoninyima raha. Mtu anayesahau kitu huacha kitu. Huyu alikitoa.

Siku uliyokwenda kufuatilia diploma yako, nilimkuta Papa Mulongo, yule dereva wao aliyebaki kulingoja trekta, amekaa kwenye benchi letu anamenya karanga. Nikakaa karibu naye. Nikamwomba karanga zake. Tukazungumza juu ya samaki wa mto Luvua, na juu ya magoti yake. Halafu nikauliza:

"Papa Mulongo, ule mukono wa mbele munaufungaga na nini?"

"Na nini tena, Mama? Uko huru."

"Leo uko huru."

Akacheka, akanitazama kwa upande. "Weye Mama Feza, uko fundi ao uko juji ya korti?"

"Miye niko mama ya ule mutoto munamubeba."

Akaacha kumenya. Akaanza kusafisha maganda kwenye suruali yake, ganda moja moja.

"Ulikuwa unaruka, Mama," akasema. "Tunapakia mahindi ya shamba, tunapeleka depo karibu na mto. Trela inajaa, na juu ya mahindi batu wanapanda. Ukifika kwenye kile kilima, tak, mukono unaruka, trekta inarudi nyuma, bamama wanapiga kelele. Ukanda njo ulitusaidia."

"Na nani aliutoa?"

"Miye."

"Lini?"

"Siku ya kupakia trekta kwenye lori. Patro, ule Papa Ilunga, alisema tusipelekee fundi uchafu."

"Na Banza alisemaga nini juu ya ukanda?"

Akaongea akiwa ameinamia maganda yake.

"Banza aliukata na kisu. Mara mbili. Ya pili aliukata mbele ya batu, akasema yeye hatafunga tena ekseli mupya kama hawaachi kujaza trela. Kesho yake patro akasema mafuta imekosekana."

"Na weye ulisema nini?"

"Mama, miye niko na muke na watoto pale shamba. Nilisema sikuona."

Sikumtukana. Nilitaka, lakini aliyasema akiwa ameangalia chini, na karanga nilizokuwa nikila zilikuwa zake. Hata hivyo usimfanye kuwa rafiki. Ni mtu mpole, na siku ile atakapoulizwa tena, atakuwa hakuona.

Sasa unaelewa kwa nini walikuomba wewe. Hawakutaka mtu wa kukata ukanda. Walitaka mtu mdogo wa kufunga ekseli, na ikivunjika tena, wawe na mtu mdogo wa kulaumu. Kwa Banza walisema mafuta. Kwa msichana watasema nini? Watasema hakujua kazi, watasema alikuwa na simu mkononi, watasema na mengine ambayo sitaki kuyaandika. Jina la fundi, likishachafuka kwenye mji mdogo kama ule, linafika Manono na Ankoro kabla yake.

Nilimpigia simu Papa Ilunga jioni ile ile. Sikumwambia ninachojua. Nilimwambia tu kwamba nina wasiwasi, kama mzazi.

"Mama, usiogope," akasema. "Mutoto wako atakuwa kama mutoto wangu."

"Na Banza alikuwaga mutoto ya nani?"

Akasema neti ya simu ya kule ni mbaya, hanisikii vizuri. Mimi nilikuwa nikimsikia mpaka anavyopumua.

Nilitaka kukuzuia. Uliponikuta nimesimama kwenye mlango wa chumba chako, siku ile ulipokuwa unakunja nguo, nilikuwa nimekuja kusema kwamba huendi. Ulisema kabla sijafungua mdomo: "Mama, ukingoja mahali pasipo na watu wa kushuku, nitazeekea hapa mlangoni pa gereji." Ulisema kwa utani, unacheka, unakunja ile blauzi ya njano. Nikarudi nilikotoka. Nimefikiri sana juu ya maneno yale. Kila mahali nilipokwenda mimi kufanya kazi palikuwa na Papa Ilunga wake. Wakati mwingine nilimwona kweli, wakati mwingine nilimbuni mwenyewe, lakini sikuwahi kukaa nyumbani kwa sababu yake. Sina haki ya kukukalisha wewe.

Basi nikarudi kwenye ekseli. Meno mapya tumeyafunga pamoja, unajua. Beringi za magurudumu nimezipima mara ya pili ulipokuwa umelala. Na ule mkono nimeutengeneza peke yangu. Kulikuwa na springi iliyochoka na uma wa gia uliolika, ndiyo maana ulikuwa ukiruka. Sasa ukiingia unakaa, ukitoka unakaa, hauhitaji ukanda. Kwa mtu mwingine kazi ingekuwa imeisha hapo. Lakini mimi nikajiuliza: mkono usioruka utawafanya waache kujaza trela? Utawafanya wautoe wakifika barabarani? Watauacha ndani kutoka asubuhi hadi jioni, tena safari hii bila hata ukanda wa kuwashuhudia.

Leo mchana, ulipokwenda sokoni, trekta likiwa tayari juu ya lori, Papa Mulongo aliinama chini yake kukaza minyororo. Alikaa kule chini muda mrefu. Halafu nikasikia sauti yake.

"Mama Feza! Hapa kuna kitu imepotea."

"Haikupotea."

"Kardani haiko! Ile chuma ya kuzungusha mbele haiko!"

"Najua. Imetolewa."

Wapakiaji wa lori wakasogea. Niliongea kwa sauti, makusudi, wote wasikie, ili asije mtu kusema kesho kwamba iliibwa njiani.

"Iko wapi sasa?" akauliza.

"Muulize fundi wenu."

"Fundi wetu nani?"

"Feza."

Alicheka, akawaangalia wale vijana ili wacheke naye, na wawili walicheka. Kisha akaacha, kwa sababu mimi sikucheka.

Nikampigia Papa Ilunga pale pale, simu ikiwa kwenye spika.

"Mama, ile ni trekta ya miguu mine!"

"Kiangazi ni ya miguu miwili, Papa. Pakia nusu ya trela, itapanda kilima."

"Nani ameamua?"

"Fundi."

"Fundi njo weye?"

"Hapana. Fundi yuko kwako kuanzia kesho."

Safari hii neti ilikuwa nzuri. Alinisikia vizuri, na alikata simu yeye.

Kwa hiyo, mwanangu, usishangae godoro lako la safari likiwa zito kesho. Kardani imo ndani, nimeifunga kwa kitenge changu cha zamani na kuizungushia sponji, kamba nimekaza. Mwambie atakayelibeba alishike pande zote mbili. Bila chuma hicho magurudumu ya mbele yanafuata tu, hayavuti, hata mkono ufungwe kwa kamba ya meli. Mvua zikianza na shamba likawa tope, utalala chini ya trekta uifunge. Zile uma zake mbili za kwenye ncha, wa mbele na wa nyuma, ziangalie upande mmoja. Zikipishana itatetemeka mpaka ivunje ulichotengeneza. Tia grisi mpaka uione ikitoka. Barabara ikikauka, itoe tena. Itakuchukua muda mfupi kuliko kusuka nywele.

Watakuomba. Wataanza kwa utani, halafu kwa chakula, halafu Papa Ilunga ataita watu akuulize mbele yao. Nimekupa ugomvi wako wa kwanza kabla hujafika, na hilo nililifanya nikijua. Niliona ni afadhali ugombane siku ya kwanza, ukiwa na chuma mkononi, kuliko ugombane mwishoni ukiwa na jina baya tu.

Lakini nimekaa na kalamu hii nikijiuliza kama hii nayo si kazi ya polisi wa mpaka, mimi kukaa Kalemie na kuendesha trekta la Kiambi kutoka jikoni kwangu. Huenda ukifika utaona mambo ambayo mimi siwezi kuyaona kutoka hapa. Huenda kilima ni kikali kuliko nilivyoambiwa, na mama mjamzito yuko juu ya trela na zahanati iko upande wa pili. Huenda Papa Ilunga ni mtu anayeogopa bosi wake tu, kama Papa Mulongo anavyomwogopa yeye. Siamini, lakini huenda.

Basi ukiamua kuifunga siku ile ile unayofika, ifunge. Sitauliza kwa nini. Sitampigia simu mtu yeyote kupeleleza, na ukinipigia wewe nitakuuliza umekula nini. Hakuna mtu niliyewahi kumwambia maneno kama hayo, na mkono wangu unataka kuyafuta sasa hivi, kwa hiyo nafunga barua kabla haujafanya hivyo.

Ila wakikuuliza kwa nini trekta halivuti mbele, usiwajibu kwamba mama yako alisema. Sema, "Nimeitoa mimi."

Mama yako